Tajiri wa Pemba, usingoje kulalamikiwa

Leo tuongee jambo ambalo hapa kwetu Pemba linasemwa kwa kunong'ona, tena baada ya mtu kugeuka nyuma kutazama nani anasikia. Udhalilishaji wa kijinsia makazini. Yaani mkubwa wa kazi, au mwenzako, au hata mteja, anayekushika bila ridhaa yako, anayekutumia maneno na picha za upuuzi saa 5 usiku, au anayekwambia wazi kwamba mkataba utasainiwa ukimpa "kitu kidogo" ambacho si pesa.

Ukikaa Chake, Wete au Mkoani neno udhalilishaji utalisikia kila siku. Redioni lipo, kwenye mabango lipo, masheha wanaitwa semina. Mwaka 2021 Serikali ya Mapinduzi ikaanzisha mahakama maalumu za kesi hizi, Unguja na Pemba. Hilo ni jambo kubwa, silibezi hata kidogo. Lakini sikiliza mjadala wenyewe vizuri, karibu wote ni wa watoto. Mtoto kaharibiwa madrasa, mtoto kaharibiwa na jirani. Ni haki kabisa watoto watangulie. Ila dada wa miaka 22 anayeuza duka la vifaa vya simu hayumo humo. Akisema msimamizi wake anamshika kiuno kila akipita nyuma ya kaunta, ataambiwa "wewe si mtu mzima, si ukatae?" Na mazungumzo yanaishia hapo.

Mimi leo nataka kusema na matajiri. (Kwa msomaji wa nje, kwetu tajiri ndiye mwenye kazi, hata kama hana pesa!) Najua wengi mnaosoma hapa si matajiri, wengi mmekuja kuchapisha CV. Lakini wako watakaofungua duka, kampuni, skuli binafsi, na wengine karibuni watakuwa wasimamizi wa watu 3 au 4. Na wale wanaotafuta kazi ni vyema wajue sehemu ya kazi iliyopangwa vizuri inafanana vipi.

Ukimuuliza tajiri wa hapa, jawabu ni lile lile: "Kwangu mambo hayo hakuna, hajaja mtu kunilalamikia." Wadau, jawabu hilo kwa Pemba halithibitishi chochote. Sisi tuna muhali. Sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya watu 540,000 kisiwa kizima, lakini muweke mtu wa Kojani na mtu wa Konde pamoja dakika 5 tu, watakuta bibi wao mmoja. Msimamizi anayekusumbua ni shemeji wa mjomba wako. Aliyekutafutia hiyo kazi ni rafiki wa baba, wamesoma chuoni pamoja. Tajiri mwenyewe ndiye aliyetoa gari siku ya maziko ya bibi. Sasa wewe binti utaanza vipi? Ukifungua mdomo hukumshitaki mtu mmoja, umegombanisha nyumba mbili, labda na mtaa.

Halafu iko sitara. Msichana aliyetajwa katika habari za aina hii, hata kama yeye ndiye aliyeonewa, wapo watakaosema "lakini na yeye alikuwa anamchekea". Posa inaweza kusita. Mama yake mwenyewe atamwambia nyamaza mwanangu, acha kazi, Mungu atakupa nyengine. Kwa hiyo unyamavu wa wafanyakazi wa Pemba haukuambii kama kazini kwako kuna usalama au kuna moto. Unasikika sawasawa hali zote mbili.

Nina mfano wa karibu. Msichana mmoja tuliyemaliza naye form four alipata kazi duka moja mjini. Mwenye duka anaishi Oman, anakuja mara moja kwa mwaka, duka kamuachia ndugu yake. Yule ndugu ndiye anayeajiri, ndiye anayelipa, ndiye anayepanga nani afunge duka usiku. Yule msichana alipangiwa kufunga usiku wiki 3 mfululizo, peke yake na yeye. Alifanya kazi miezi 4 akaacha, nyumbani wakasema "kazi imemshinda". Kabla yake walishaacha wawili. Tajiri kule Oman analalamika kwenye simu kwamba wasichana wa Pemba hawatulii kazini, wanapenda kukaa bure. Hajiulizi kwa nini wanaoacha ni wasichana tu, na kwa nini wote wanaacha ndani ya mwaka. Taarifa anayo, iko kwenye daftari lake la mishahara. Yeye anangoja barua ya malalamiko.

Tazameni mkono ule mmoja: anaajiri, analipa, anapanga zamu. Huo ndio mzizi, na si Pemba peke yetu. Twende mbali kidogo, Beni, mashariki ya Kongo, wanakozungumza Kiswahili kama sisi. Ulipoingia ugonjwa wa Ebola mwaka 2018, mashirika makubwa ya dunia yalikwenda na pesa nyingi na kazi nyingi za muda: wapishi, wafagizi, wahamasishaji. Mwezi wa Septemba 2020 waandishi wa The New Humanitarian na Thomson Reuters Foundation walitoa habari kwamba wanawake 51 wamesimulia jinsi wanaume waliosema ni wafanyakazi wa mashirika hayo walivyowataka kingono ili wapate kazi au wasifukuzwe. Shirika la Afya Duniani, WHO, likaunda tume huru. Ripoti yake ilitoka Septemba 2021 ikataja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na WHO yenyewe. Mkuu wa WHO, Dk. Tedros, akaomba radhi mbele ya dunia.

Sasa hilo ni shirika la Umoja wa Mataifa, lenye wanasheria na sera za kurasa na kurasa. Tatizo halikuwa kukosa karatasi. Kazi za wenyeji zilikuwa zinatolewa bila kutangazwa na bila usaili wa maana. Mtu mmoja anakuona mtaani, anakwambia njoo, kazi ninayo mimi. Akiwa na uwezo wa kukupa peke yake ana uwezo wa kukunyima peke yake, na bei anapanga yeye. Na sisi hapa mambo ya "kuna nafasi mahali, nitakusemea" ndiyo njia kuu ya kupata kazi, tusidanganyane.

Jirani zetu Kenya nao wana funzo lao. Februari 2023 BBC ilitangaza uchunguzi wa mashamba ya chai ya Kericho, yaliyoendeshwa miaka mingi na Unilever na James Finlay. Zaidi ya wanawake 70 waliwaambia waandishi kwamba wamedhalilishwa na wasimamizi wao. Kilichonishtua zaidi ni kwamba Unilever ilishatuhumiwa kwa mambo kama hayo zaidi ya miaka 10 nyuma, ikatangaza kwamba haitavumilia kabisa, ikaweka na utaratibu wa kupeleka malalamiko. Kwa hiyo karatasi ilikuwepo, na mlango wa malalamiko ulikuwepo. Lakini msimamizi wa shambani ndiye aliyebaki kumpa mtu kazi nyepesi au nzito, kumuita kesho au kumwambia hakuna kazi. Mwanamke mwenye watoto nyumbani anapiga hesabu yake, ananyamaza.

Tukirudi nyumbani, nani hasa yuko hatarini kwetu? Wengi wanafikiria mahoteli. Mahoteli yamo, kwa sababu wafanyakazi wanalala huko huko na usiku gari hakuna. Lakini mimi kundi linalonitisha zaidi ni la kujitolea. Mnalijua hili wadau, maana wengi wenu mmo ndani yake. Mtu kamaliza chuo, anakwenda "kujitolea" skuli au afisi au kituo cha afya, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, anangojea ajira itangazwe na mkubwa amuandikie neno zuri. Mshahara hana, mkataba hana, jina lake halimo popote. Huyo akitakwa na mkubwa atasema amefanyiwa udhalilishaji kazini wakati hata kazi yenyewe haijaandikwa? Na wanafunzi wa field ndiyo hao hao, fomu ya maksi iko mkononi mwa mtu mmoja.

Mkataba wa 190 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, uliopitishwa Juni 2019 na kuanza kutumika Juni 2021, umeliona hilo. Unawataja wanaojifunza kazi, wanaojitolea, wanaotafuta kazi na hata walioachishwa. Tena unasema kazini si ndani ya kuta nne tu. Safari ya kikazi imo, sehemu ya kupumzika imo, choo kimo, malazi anayotoa tajiri yamo, ujumbe wa simu umo, na njia ya kwenda na kurudi imo. Kwa hiyo yule bosi anayesema "nilimtumia meseji nikiwa nyumbani kwangu, si kazini" asome vizuri.

Kwenye sheria kuna kosa moja linalofanywa na matajiri wanaotaka kuonekana wa kisasa. Wanakwenda kwenye intaneti, wanachukua sera ya kampuni ya Dar es Salaam, wanabadilisha jina, wanabandika ukutani. Ukisoma ndani imeandikwa peleka shauri CMA. Yakhe, CMA ni ya bara! Mambo ya kazi si ya Muungano. Sheria ya bara ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inayosema unyanyasaji wa mfanyakazi ni aina ya ubaguzi na ni marufuku, ni ya huko huko. Sisi tuna Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Na. 1 ya 2005, tuna Kamisheni yetu ya Kazi na kitengo chake cha migogoro. Hata rushwa ya ngono, TAKUKURU ni bara, huku ni ZAECA. Mfanyakazi wa Wete anayeelekezwa CMA ameelekezwa baharini.

Ukitaka kunakili, nakili fikra ya Kenya. Sheria yao ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inamlazimisha mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kutoa tamko la maandishi baada ya kushauriana na wafanyakazi wake. Tamko lieleze udhalilishaji wa kijinsia ni kitu gani, mtu apeleke vipi shauri lake, atakayefanya atachukuliwa hatua gani, na kwamba jina la mlalamikaji halitatolewa isipokuwa pale uchunguzi au adhabu inapolazimisha. Uganda sheria yao ya 2006 inawabana wenye wafanyakazi zaidi ya 25. Shida ni kwamba Pemba duka lina watu 3, na hoteli ndogo watu 12. Kwa hiyo tusijifiche kwenye hesabu. Tajiri wa watu 3 hahitaji kitabu. Karatasi moja ya Kiswahili inatosha, asomewe kila anayeingia kazini, hata wa kujitolea.

Ila karatasi mwisho. Kazi ya mwanzo ni kuuvunja ule mkono mmoja. Anayeajiri asiwe ndiye anayelipa, na anayelipa asiwe ndiye anayepanga zamu. Kama ndugu yako ndiye msimamizi, mshahara utume wewe mwenyewe kwa simu kutoka huko uliko, siku hizi ni dakika moja tu. Usaili ufanywe na watu wawili, mmoja mwanamke, mchana, afisini, si "njoo hoteli tuzungumze". Nafasi itangazwe, hata kama ni kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni. Zamu ya usiku ipangwe kwa orodha inayoonekana na kila mtu, ili akipangwa mtu mmoja wiki 3 mfululizo watu waulize. Stoo ambayo mtu anajifungia ndani, toa kitasa. Anayefunga kazi usiku apelekwe kwao kwa gari, na asiwe peke yake na dereva. Haya ni mambo ya pesa kidogo sana, baadhi ni ya bure, na hakuna hata moja linalomtaka binti aseme neno.

Mteja nae asisahauliwe. Mhudumu wa hoteli au wa saluni anayeshikwa na mgeni mwenye dola anatazama uso wa meneja kwanza. Akiona meneja anacheka, ameshajibiwa. Meneja aambiwe mapema na mwenye hoteli kwamba ana ruhusa ya kumtoa mgeni wa namna hiyo hata kama amelipa wiki nzima. Bila ruhusa hiyo hawezi kuthubutu, hata akiwa mtu mwema.

Halafu mlango wa malalamiko. Hapa ndipo muhali utazamwe usoni. Mtu wa kupokea malalamiko asiwe jamaa wa tajiri, asiwe wa kijiji kimoja na msimamizi. Kama mko Micheweni mtafute mama mmoja mtu mzima wa Mkoani, awe na namba yake ya simu, awe hafanyi kazi hapo. Na kila anayeacha kazi apigiwe simu na mtu huyo baada ya mwezi mmoja, aulizwe kwa nini aliacha. Mimi naamini simu hiyo moja italeta habari nyingi kuliko sanduku la maoni, ambalo funguo yake anayo msimamizi!

Shauri likija, jambo la kwanza ambalo tajiri wa Pemba atataka kulifanya ni suluhu. Ataita wazee, watakaa barazani, kijana ataomba radhi, watasoma dua, kesho wote wawili kazini kama kawaida. Jamani, hiyo ndiyo njia ya uhakika ya kumfanya binti aache kazi na wengine wote wajifunze kunyamaza. Kama lazima mmoja ahamishwe wakati shauri linachunguzwa, ahamishwe anayetuhumiwa, si yule aliyesema. Mtuhumiwa naye asikilizwe, aandikiwe tuhuma zake, apewe nafasi ya kujibu na shahidi wake. Wanaoogopa kusingiziwa ndio wangekuwa wa mwanzo kudai utaratibu wa maandishi, kwa sababu kwenye mambo ya kunong'onezana mtu anahukumiwa mtaani bila kujua kosa lake. Na kama ni kubakwa au kujaribu kubakwa, hapo tajiri hana baraza wala suluhu. Ni polisi, dawati la jinsia, na kituo cha Mkono kwa Mkono hospitali, haraka, kabla ya kuoga na kabla ya kufua nguo.

Nimeshawahi kuambiwa "basi dawa ni wasichana wavae vizuri" na mwengine akasema "mimi bora niajiri wanaume tu". Kwa wa mwanzo: hapa kwetu wasichana wengi wanakwenda kazini na baibui na mtandio, wengine na nikabu. Kama dawa ingekuwa nguo, Pemba tusingekuwa na kesi hata moja. Kwa wa pili: wavulana wadogo nao wanasumbuliwa na wakubwa wao, sema muhali wao ni mzito zaidi. Na ukimfungia nje msichana aliyefaulu ili kumlinda na msimamizi wako, umemuadhibu yeye ukamuachia kazi msimamizi.

Kwa ninyi mnaosumbuliwa sasa hivi na mkubwa ndiye tajiri mwenyewe, kwa hiyo hakuna wa kumwambia kazini: meseji msifute. Najua unaona aibu kuzitunza, lakini ndiyo ushahidi wako. Mtumie mtu mmoja unayemuamini, andika tarehe na saa kila linapotokea. Chake Chake iko afisi ya Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, wapo TAMWA, na watu wa Kamisheni ya Kazi wapo. Unaweza kwenda kuuliza kwanza bila kushitaki, kujua tu haki yako ikoje. Kama kwenda mwenyewe ni muhali, mtume shangazi au dada.

Haya, uwanja wenu hapo chini. Matajiri na mameneja mnaosoma, semeni kwenu mnafanyaje, hata kama hamkubaliani na mimi. Waliofanyiwa wanaweza kuandika bila jina. Ila naomba sana, majina ya watu, maduka na mahoteli msitaje hapa. Nitayafuta, maana kisiwa hiki kidogo na mwenye kuumia wa kwanza atakuwa yule aliyesema.